Naendesha chemsha bongo ya bure kwa marafiki zangu, natukanwa kama refa wa fainali

Wakuu, salaam.

Naandika nikiwa na hasira, kwa hiyo mtakaokuta herufi zimekosewa nisameheni. Jana usiku nimeitwa mwizi. Na aliyeniita hivyo ni mtu ambaye jibu lake lilikuja na namba ya tanbihi. Tulieni niwaeleze.

Tuko watu 11. Tunajuana miaka mingi, sasa kila mtu yuko kwake na shughuli zake, tukaona badala ya kurushiana salamu za asubuhi zenye picha za maua, tuwe na chemsha bongo kila Jumamosi usiku. Simu ya video, maswali 40, raundi nne, sekunde 20 kwa kila swali, majibu unajaza kwenye fomu. Mshindi hapati hata senti. Anapata haki ya kubadilisha jina la grupu kwa wiki moja. Basi! Hicho ndicho watu wazima wenye watoto wanachokiibia.

Muulizaji ni mimi. Sikugombea. Siku ya kwanza niliuliza "nani ataandaa maswali?", na ule ukimya uliofuata nausikia mpaka leo.

Asiyewahi kuandaa maswali anadhani kazi ni kuuliza. Kuuliza anaweza hata kasuku. Kazi ni kulifunga swali lisibaki na mlango wa uani. Jaribu kuuliza "mlima mrefu kuliko yote duniani ni upi?" uone. Everest ni mrefu ukipima kutoka usawa wa bahari. Atakuja mtu na Mauna Kea wa Hawaii, ambao ukiupima kuanzia kitako chake chini ya bahari unapita mita 10,000. Atakuja mwingine na Chimborazo wa Ecuador, maana dunia imetuna katikati na kilele cha Chimborazo ndicho kilicho mbali zaidi na kiini cha dunia. Wote watatu wana hoja, na wote watatu wanataka alama. Kwa hiyo swali la mstari mmoja nalikalia dakika kumi. Nalihakiki sehemu mbili, nalisoma kwa sauti, nalifuta, naanza upya. Maswali 40 yananila jioni tatu za wiki. Mke wangu anajua Jumatano asinisemeshe.

Na bado nakosea, sikatai. Wiki kadhaa nyuma niliuliza sayari yenye miezi mingi kuliko zote, jibu langu likawa Mshtarii, kwa sababu swali nililitoa kwenye daftari la zamani. Mshtarii iliongoza kwa muda mfupi tu mwanzoni mwa 2023, Zohali ikaipita mwaka huohuo, na Machi 2025 Zohali ikaongezewa miezi 128 kwa mkupuo, jumla ikafika 274. Nikaumbuka. Nikaomba radhi, nikagawa alama upya, maisha yakaendelea.

Sasa jana. Swali la 14: "Afrika ina nchi ngapi?" Nimeandika 54. Hapo tena kosa ni langu, nilitakiwa kusema nchi ngapi za Afrika ni wanachama wa Umoja wa Mataifa. Umoja wa Afrika una wanachama 55, kwa kuwa wenyewe umeipokea Jamhuri ya Kiarabu ya Sahara, ambayo Umoja wa Mataifa haimo. Kuna jamaa yetu, hapa nitamwita Mzee wa Rufaa, aliandika 55. Nikampa alama. Walioandika 54 nao nikawapa. Mtu mwenye akili zake anasema asante, tuendelee. Mzee akasema hapana, wa 54 wanyang'anywe, "swali haliwezi kuzaa mapacha". Dakika 25 tunajadili Sahara Magharibi usiku wa saa nne, mmoja keshalala kamera ikiwa wazi, tunamwangalia mdomo.

Hayo ningeyabeba. Ubishi ndio utamu wenyewe, bila ubishi huo unakuwa mtihani. Kilichonichoma ni kingine.

Swali la 31: Pluto iliondolewa kwenye orodha ya sayari mwaka gani? Waliojua waliandika "2006". Tarakimu nne, wamemaliza. La Mzee wa Rufaa lilisomeka hivi, nalinakili lilivyo: "Mnamo Agosti 2006 Umoja wa Kimataifa wa Astronomia ulipitisha ufafanuzi mpya wa sayari.[4]"

Iangalieni hiyo nne ndani ya mabano, wakuu. Binadamu gani anakumbuka jambo kichwani pamoja na tanbihi yake?

Nikanyamaza, nikasema labda nimeona vibaya. Swali la 33, mwingine kabisa, mtu ninayemheshimu, jibu lake limeanza na "Hakika! Jibu sahihi ni…" Yaani amekwenda kuiuliza mashine, mashine imemjibu kwa adabu, naye kanibandikia adabu yote bila hata kuifuta. Sikujua nicheke au nilie.

Nikaanza kuunganisha mambo. Kuna ambao mtandao wao unakata kila likija swali gumu na kurudi zikiwa zimebaki sekunde tatu. Maswali mepesi mtandao unakuwa imara kama nguzo. Kuna wanaozima kamera "kuokoa bando" kuanzia raundi ya tatu tu. Kuna mume na mke wanaoshindana kila mtu kivyake, wamekaa chumba kimoja, na mke ana kikohozi kinachompata mumewe anapotaja herufi za kuchagua. Msidhani natania. Uingereza mwaka 2001 meja wa jeshi alishinda pauni milioni moja kwenye mchezo wa maswali wa televisheni, ikaja kugundulika kuna mtu alikuwa anakohoa jibu sahihi likitajwa. Mwaka 2003 mahakama ikawatia hatiani yeye, mkewe na mkohoaji. Lakini yule alikuwa anafukuzia milioni! Wewe unakoholea jina la grupu?

Msije mkaniambia "punguza muda". Nilipunguza zikawa sekunde 12. Walioumia ni wale wenye simu za polepole ambao hawajawahi kuiba hata alama moja, wezi wao walikuwa wameshazoea kuchapa mbiombio. Nikaweka picha, wakazitafuta kwa picha. Nikawaomba waelekeze kamera kwenye mikono, nikaambiwa nimewageuza mahabusu. Na kweli nilijisikia vibaya, maana ni marafiki zangu, siwezi kuanza kuwakagua mifuko.

Basi kilichobaki ni maswali ya kukadiria, ambayo jibu likilingana mno na ukweli linamshtaki mwenyewe. Jana Mzee wa Rufaa alifungana alama na dada mmoja, 29 kwa 29. Nikatoa swali la kuvunja sare: Mnara wa Eiffel una urefu wa mita ngapi mpaka ncha ya antena? Atakayekaribia ndiye mshindi. Nililichagua kwa makusudi. Wengi walioisoma shuleni wana 324 vichwani, lakini mwaka 2022 walifunga antena mpya ukaongezeka mita sita. Dada akaandika 300, anaona aibu, anacheka. Mzee akaandika 330. Sekunde ya nane. Wala si 325, wala "kama 330 hivi".

Nikamsomea mbele ya watu wote. Ile ya tanbihi kwanza, halafu hii. Kimya. Kisha akasema simu yake "inajikamilishia maneno yenyewe". Nikamuuliza, na mabano pia inajikamilishia? Hapo ndipo akageuka. Eti nina watu wangu. Eti maswali nayapanga yamfae yule dada. Eti, na hii naomba muisome taratibu, "kwanza wewe mwenyewe ndiye pekee unayejua majibu yote, mwizi ni nani hapo?"

Ndugu yangu, MIMI NDIYE MUULIZAJI. Ningekuwa sijui majibu ningekuwa nauliza kwa shida zangu!

Nilitegemea wengine waseme neno. Wale tisa waliobaki, pamoja na yule aliyekuwa amelala na sasa kaamka, wakaanza "jamani ni mchezo tu", "tusigombane kwa vitu vidogo". Vitu vidogo vinavyonila Jumatatu, Jumatano na Alhamisi yangu. Dada aliyeibiwa ushindi ndiye peke yake aliyeniandikia pembeni, akasema tu, "Mimi wala sikuwa nalihitaji lile jina." Hilo ndilo limeniuma kuliko matusi. Amekuwa akicheza kwa kichwa chake wiki zote hizi, anashika nafasi ya tano, ya sita, na kila nikitangaza matokeo anampongeza aliye juu yake.

Nikatangaza ushindi ni wake. Mzee wa Rufaa, kwa kuwa na yeye ni admini, akaingia akabadilisha jina la grupu likawa "Mabingwa Halali". Nikalirudisha. Akalibadilisha. Tumefanya hivyo mpaka saa saba usiku, wanaume wawili wazima, na kila tukibadilisha simu za watu zinalia. Hapo na mimi sina cha kujitetea.

Asubuhi naamka, nakuta wamefungua grupu jingine. Mimi simo. Wale tisa wameingia wote isipokuwa dada. Nimejua kwa sababu mmoja kakosea, karusha kwenye grupu la zamani ujumbe wa kukaribishana.

Na sasa hivi, dakika arobaini zilizopita, Mzee wa Rufaa kanitafuta faragha. Hakuna salamu, hakuna samahani. Anauliza kama maswali ya Jumamosi ijayo nilikuwa nimeshayaandaa, na kama yapo nimtumie, wasiyaache yakaharibika bure.

Halafu akaongeza mstari wa pili: "Tuma na majibu."