Ukocha kwa viongozi wa shule: cheti cha ICF, diploma ya KEMI, au kujifunzia kazini?

Naibu_Embakasi
Walimu wenzangu, hamjambo. Mimi ni naibu mwalimu mkuu katika shule ya umma huku Embakasi, Nairobi. Tangu sekondari msingi ianze 2023 nimepokea walimu vijana wengi, na nataka niwajenge, si kuwakagua tu. Naona njia tatu: kusomea ukocha wenyewe (wa kumsaidia mtu akue kazini, si wa michezo) hadi cheti cha ICF, shirikisho la kimataifa la makocha, kuchukua diploma ya uongozi KEMI, taasisi ya serikali ya usimamizi wa elimu, au kujifunza hapa hapa kwa kukaa madarasani. Pesa zinatoka mfukoni mwangu, kwa hivyo naomba mniambie ukweli.

Mwl_Kasarani
Nimeifuata ICF hadi ngazi ya kwanza, ACC. Wanataka saa 60 za mafunzo na saa 100 za ukocha, 75 kati ya hizo ziwe za malipo, pamoja na saa 10 chini ya kocha mlezi kwa muda usiopungua miezi mitatu. Mwalimu wa umma ajiulize mapema hizo saa za malipo atazitoa wapi.

Lakini mafunzo yenyewe nayapenda sana. Unajifunza kunyamaza. Mwalimu akilalamika kwamba gredi ya saba hawamsikizi, humrushii dawa. Unamuuliza kilichotokea, amejaribu nini, kesho ataanza na lipi. Kasoro ni kwamba huko hakuna atakayekuonyesha somo la hesabu za sehemu lilikwama wapi. Ajenda ni ya mteja, yaani anayepewa ukocha, na mwalimu mgeni mara nyingi hajui anachokosa.

MamaChaki
KEMI ni nzuri kwa bajeti, ununuzi, sheria na usimamizi wa wafanyakazi. Ukitaka kuwa mwalimu mkuu, nenda. Kwa ukocha peke yake, hapana.

CSO_Mstaafu
Naibu, njia ya tatu usiidharau. Tusome, mpango wa kusoma wa madarasa ya chini, ilipoanza nchi nzima 2015, sisi maafisa wa kusaidia mtaala (CSO) tulipewa tableti, tukaingia madarasa ya chini kutazama somo la Kiingereza au la Kiswahili, kisha tukaketi na mwalimu papo hapo. Kilichosaidia ni kushika jambo moja. Ukimwambia mwalimu mambo saba atatikisa kichwa tu. Ukimwambia, "Umeuliza maswali mengi na wote waliojibu wameketi mbele," wiki ijayo utakuta amezunguka.

Mwaka wa 2018 Matthew Kraft na wenzake walikusanya tafiti 60 kuhusu ukocha wa walimu. Ufundishaji ulipanda vizuri, alama za wanafunzi zikapanda kidogo, na mipango ilivyozidi kuwa mikubwa ndivyo manufaa yalivyopungua. Kwa hivyo anza na walimu wawili au watatu, na urudi kwao tena na tena.

HesabuBuruburu
Naongea kama mwalimu wa darasani. Naibu akiingia na daftari, mimi naona TPAD, ule mfumo wa kutupima walimu kazini. Siku hiyo nitafundisha somo nililolizoea, kila mtoto atakaa wima, na utatoka hujaona shida yangu. Hata ungekuwa na vyeti vitatu, mtu anayenipa alama sitamfungulia moyo.

Mwl_Kasarani
@HesabuBuruburu hapo umegusa penyewe, na hakuna kozi itakayolitatua. Naibu, muulize mwalimu mwenyewe akuchagulie cha kutazama, na ukimaliza mwachie yeye karatasi uliyoandika. Kumpima kwa TPAD kuwe siku nyingine kabisa.

CSO_Mstaafu
Au badilishaneni. Naibu wa shule jirani aje kwa walimu wako, nawe uende kwa wake. Hakuna anayempa mwenzake alama.

Naibu_Embakasi
Hiyo ya kubadilishana sikuwa nimeifikiria, na naona ndiyo nitakayoanza nayo, ICF ingoje. Kuna naibu yeyote wa Umoja, Donholm au Pipeline aliye tayari? Somo ni dakika 40, tuongeze 20 za mazungumzo. Mimi nina nafasi Jumanne na Alhamisi kabla ya chakula cha mchana.

MamaChaki
Niko Donholm. Alhamisi inanifaa, ila nikamuulize kwanza mwalimu wangu wa sayansi kama anakubali.