Tupeane uzoefu: mpangaji wa nyumba ya umma auziwe, au abaki mpangaji?

Mtoto wa Ngamiani
Wakuu, kila tukizungumzia nyumba za umma hapa Tanga mjadala unakimbilia bei: zikiuzwa, mpangaji apunguziwe kiasi gani? Mimi bei naiweka pembeni. Kwanza tujue anayeuziwa ni nani. Yule mwenye jina kwenye mkataba, au yule anayefua na kuanika humo kila siku? Mjini kwetu hawa wawili mara nyingine hata salamu hawapeani.

Kwa vijana ambao hawakuikuta habari hii: ghorofa nyingi za katikati ya mji zilijengwa na wafanyabiashara wenye asili ya Kihindi. Mwaka 1971 serikali ikataifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 na kuyaweka chini ya Msajili wa Majumba. Mwaka 1990 Msajili akaunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa, lakini wazee mpaka leo wanaziita nyumba za Msajili. Ongeza kota za mashirika, na zile za serikali yenyewe ambazo kuanzia mwaka 2002 watumishi waliuziwa. Kwa hiyo kuuziana si jambo geni.

Uliyepanga, uliyeuziwa, uliyekosa, uliyepangishwa na mpangaji, lete yako. Majina ya watu na ofisi yaacheni.

Dalali Mstaafu
Tusidanganyane. Hizo nyumba zilishauzwa zamani, ila hati ndiyo haikuhama.

Mtu akitaka kuondoka harudishi ufunguo. Anatafuta wa kumrithi, anapokea kilemba chake, yaani pesa ya kumwachia nyumba, anapanda basi. Mkataba unabaki na jina lake na kodi inaendelea kulipwa kwa jina hilo, mwenyewe pengine yuko Muscat. Kuna fremu za mjini ambazo kilemba chake kilitosha kiwanja Pongwe na tofali juu. Sasa itangazwe leo kwamba wapangaji wananunua, muone nani atajitokeza: aliye Muscat, aliyetoa kilemba, na mtoto wa marehemu aliyepanga kabla yao wote.

Bi Chumbageni
Dalali kasema kweli, lakini kwetu hapakuwa na kilemba, ilikuwa damu tupu.

Baba alikuwa karani bandarini. Alipanga ghorofani sisi tukiwa wadogo na humo ndimo alimofia. Kaka mkubwa akaenda kubadilisha jina la mkataba, tukamshukuru kwa kutusumbukia. Yeye alikuwa na kwake Dar. Waliobaki ndani ni mama na dada yetu aliyeachika, na kodi tulichanga.

Basi ukazuka uvumi kwamba wapangaji watauziwa. Jamani! Watu ambao hata homa ya mama walikuwa wakiisikia kwa simu, wiki ile walijaa sebuleni. Mmoja anapima chumba kwa hatua. Mwingine kaja na mkewe, na mkewe ndiye msemaji. Kaka akasema neno moja tu: "Mkataba ni wangu." Dada akamuuliza, na kodi je? Akajibu aliyekuwa akisaidiwa kulipa ni mama, si yeye. Mama kimya, anakunja na kukunjua kanga.

Kikao kikaitwa, wakaja wazee wa ukoo kutoka Pangani, wakala ubwabwa, wakaondoka pamevurugika zaidi. Mwishowe ikawa hakuna kuuziwa wala nini, ulikuwa uvumi tu. Nyumba haikuuzwa, sisi ndio tulioachana.

Mtasema basi Bi Chumbageni hataki ziuzwe. Nataka! Lakini mkataba ungehamia jina la mama tangu baba alipofariki, ugomvi ule ungesimama wapi? Mjane aliyeishi humo ndiye mpangaji. Mtoto mwenye nyumba yake mji mwingine ni mgeni, hata kama karatasi inamtaja.

Mja Leo
Poleni. Mimi mzaliwa wa Makorora, sasa niko London, nilete ya huku.

Mwaka 1980 serikali ya Margaret Thatcher iliwapa wapangaji wa halmashauri haki ya kununua nyumba walizokaa. Uliyekaa miaka 3 ulipunguziwa asilimia 33 ya bei, na punguzo lilipanda hadi asilimia 50 kwa miaka 20. England pekee zimeuzwa karibu milioni 2. Watu wa kima cha chini walipata mali ya kuwaachia watoto, hilo halina ubishi. Ila halmashauri zilibanwa zisitumie fedha zote za mauzo kujenga nyingine, na foleni ya wanaosubiri nyumba ikawa balaa. Scotland wakaifuta haki hiyo mwaka 2016, Wales mwaka 2019. England bado ipo, lakini mwaka 2024 punguzo lilikatwa sana.

Shemeji yangu alinunua fleti yake. Jiko akabadilisha, rangi akapaka aitakayo, hana wa kumuomba ruhusa. Kumbe jengo lenyewe bado ni la halmashauri. Paa lilipotengenezwa, wanunuzi wote waliletewa bili ya mgao wao, hata wa chini kabisa ambaye tone la mvua halimfikii. Jirani yake mwingine kauza, na aliyenunua anapangisha kwa kodi kubwa. Tena mpangaji wake anasaidiwa kodi na halmashauri ileile iliyoiuza nyumba!

Mtoto wa Ngamiani
Hapo kwenye paa ndipo pa kwetu. Tunayo sheria ya mwaka 2008 inayomruhusu mtu kuwa na hati ya sehemu yake tu ndani ya jengo, huku ngazi, paa na mabomba yakibaki ya wote chini ya umoja wa wamiliki. Kwenye karatasi safi. Lakini ghorofa zetu ni za miaka mingi na hewa ya chumvi inakula nondo. Leo paa likivuja mpangaji anamlalamikia mwenye nyumba. Kesho akiwa na hati, anamchangisha jirani ambaye hata hela ya taa ya ngazini hutoa kwa kununa.

Kota ya Zamani
Mimi sitajifanya malaika. Baba aliuziwa kota ya serikali, akakatwa kidogokidogo, akastaafu akiwa na kwake. Tumejenga banda la uani, linapangishwa, ada za wadogo zangu zimetoka humo. Aliyehamishiwa kazini baada ya baba alikuta kota hakuna, akapanga mbali, akawa anakuja zamu za usiku kwa bodaboda. Namwonea huruma. Nyumba sirudishi.

Sina Chama
Mkitaka mfano wa kuhesabu watu kabla ya kuhesabu pesa, angalieni Magomeni Kota kule Dar. Kaya 644 ziliondolewa, majengo mapya yakazinduliwa mwaka 2022, na habari ya kuuziwa kwa mpango wa mpangaji mnunuzi, yaani unakaa huku ukiilipia kidogokidogo mpaka iwe yako, ikaja wakati wenye haki ya kurudi wanajulikana. Bei ikalalamikiwa, sawa. Angalau mlalamikaji alikuwa na jina.

Mtoto wa Ngamiani
Ndicho ninachosema. Wapite mlango kwa mlango, waandike anayelala humo na tangu lini, orodha ibandikwe serikali ya mtaa watu waipinge hadharani. Bei baadaye.

Mpangaji wa Mpangaji
Na sisi je? Ninaishi kwenye nyumba ya aina hiyo, kodi nampa mwenye mkataba mkononi. Risiti sijawahi kuiona. Wakija hao wa mlango kwa mlango nitawaonyesha nini?

Dalali Mstaafu
Mwezi huu mtumie kwa simu, na uandike ni kodi ya nini. Mjumbe wako naye akujue.

Mpangaji wa Mpangaji
Hataki. Anasema makato ya kutoa yanamuumiza.

Dalali Mstaafu
Mwongezee ya kutolea.