Baiskeli bonde la Rufiji mwezi wa saba: tuanzie upande gani, tubebe nini?

Mkazi_Tandika
Wakuu, heshima kwenu. Tuko wawili, tunapanga kuzunguka tambarare ya Rufiji kwa baiskeli wiki ya pili ya mwezi wa saba, siku nne: Ikwiriri, Daraja la Mkapa, Nyamwage, Utete, kisha kurudi Dar. Baiskeli moja ni Phoenix ya inchi 28 isiyo na gia, nyingine ni ya gia, inchi 26. Je, tuanze kupiga pedeli kuanzia Mbagala? Tairi tujaze upepo kiasi gani? Na maji ya kunywa yakoje njiani? Miongozo mingi ninayoikuta mtandaoni ni ya tambarare za mashariki mwa Uingereza, kule Ely na Cambridge, nao wanasisitiza tairi nyembamba. Inafaa huku?

Kusi_na_Kaskazi
Mkuu, kabla ya tairi, uliza upepo unatoka wapi. Wengi wanaogopa vilima vya Mkuranga, lakini kilima ukikimaliza unateremka. Kusi haina mteremko.

Mwezi wa saba kusi inavuma kutoka kusini-mashariki. Alfajiri imetulia, kuanzia saa nne inashika kasi, na alasiri ndiyo kali. Piga hesabu: ukienda kilomita 18 kwa saa, na upepo wa kilomita 15 kwa saa ukakupiga usoni, kifua chako kinakutana na hewa ya kilomita 33. Ukinzani wa hewa hukua kwa mraba wa kasi, kwa hiyo unaongezeka zaidi ya mara tatu. Mwenye Phoenix ataumia zaidi kwa sababu anakaa wima na hana gia ya kushusha. Ukiona mtu anasimama juu ya pedeli kwenye barabara iliyonyooka kabisa, ujue ndiyo hiyo.

Kwa hiyo msiende kwa pedeli mrudi kwa basi. Fanyeni kinyume: pandeni gari Mbagala Rangi Tatu hadi Utete, mlale, kisha mrudi kaskazini kusi ikiwa mgongoni. Kipande kigumu kitakuwa Utete hadi Nyamwage, karibu kilomita 34, maana mnaelekea mashariki na kusini kidogo, upepo unawakuta puani. Tokeni mara tu kunapopambazuka, saa kumi na mbili na nusu, na mkimalize kabla ya saa nne. Kikadirieni kama njia ya vumbi. Mkikuta lami, shukuruni.

Kuanzia Nyamwage mnageuka kaskazini. Daraja la Mkapa lina urefu wa karibu mita 970 na halina kinga ya upepo. Kusi itawapiga ubavuni kulia, hivyo mifuko ya pembeni isiwe mipana kama matanga. Hatari yenyewe ni lori linapowapita: kwa sekunde moja linakata upepo, na wewe uliyekuwa umeegemea upande wa upepo unajikuta unavutwa kuelekea lori. Shikeni usukani kwa mikono miwili, msiendeshe sambamba, na vaeni vizibao vya kuakisi mwanga hata mchana.

Fundi_Gololi
Nakubaliana na hapo juu. Mimi naongezea upande wa chuma.

Phoenix ya 28 kwa inchi moja na nusu: nyuma psi 55 (psi ni kipimo cha upepo ndani ya tairi), mbele 45. Ya 26 yenye tairi ya inchi 2: lami psi 45 hadi 50, kwenye mchanga shusha hadi 30. Usishuke zaidi ukiwa na mzigo, tyubu itabanwa kati ya jiwe na rimu na kutoka na matundu mawili yaliyo sambamba.

Mzigo usizidi kilo 15 kwenye keria ya nyuma, na vizito vikae chini karibu na ekseli. Spoku hukatika gurudumu la nyuma, upande wa friwili (meno ya nyuma yanayoshika mnyororo), kwa sababu upande huo zimekazwa zaidi. Kabla ya safari zibinye mbilimbili kwa vidole. Iliyolegea kaza robo mzunguko, pima tena. Bebeni spoku 3 za urefu ule ule mmezifunga kwa utepe kwenye fremu, na kifungulio cha friwili, la sivyo upande huo hamwezi kuzipachika.

Fungueni habu (vitovu vya magurudumu) zote sasa, msisubiri wiki ya safari. Kawaida nyuma ni gololi 9 kila upande za robo inchi, mbele 10 kila upande za 3/16. Zikijaa pengo lote zinasagana, lazima ibaki nafasi ya karibu gololi moja. Osha kwa mafuta ya taa, kausha, paka grisi mpya. Koni, kile kipande cha kwenye ekseli kinachobana gololi, iachwe na mchezo kidogo sana kabla ya kukaza nati, kwa sababu nati ikibana nayo inasogeza koni ndani.

Mkazi_Tandika
Asanteni sana. Hilo la kugeuza safari hatukuliwaza. Tukitoka lami tukaingia njia za mashambani, kuna shida gani?

Mlau
Shida ni udongo. Hapo ndipo miongozo ya Ely inapowapoteza. Kule ardhi oevu ilikaushwa zamani kwa mifereji na pampu, barabara ni ya lami ingawa imejaa mawimbi kwa sababu udongo wa chini unanywea, na tairi nyembamba inapita. Rufiji haijakaushwa hivyo, bado hufurika. Masika mto ukipanda mashambani kisha ukashuka, watu wanapanda mazao ya mlau kwenye unyevu uliobaki. Mwezi wa saba juu pamekauka na kupasuka nyufa, lakini kwenye mabonde madogo chini bado ni tope.

Nyufa zinazofuata mwelekeo wa njia humeza tairi nyembamba na kukutupa. Zivuke kwa kukata mshazari. Tope jeusi hunata kwenye tairi, likajaa chini ya madigadi mpaka gurudumu linakataa kuzunguka. Ukilazimisha, madigadi inapinda au gia ya nyuma inavutwa ndani ya spoku. Vueni madigadi kabla ya kuingia huko, bebeni kijiti cha kukwangulia, na mkifika penye tope shukeni mbebe baiskeli kupitia kwenye nyasi. Mvua ya usiku mmoja ikinyesha, msiingie kabisa. Subirini jua au mrudi lami.

Halafu kuna mbigili. Ikishachoma, usiing'oe papo hapo kama upepo bado umo. Tembeza hadi kivulini kwanza. Sugua tyubu kwa msasa, paka soluosheni nyembamba, ngoja dakika tano mpaka ing'are kidogo tu na isinate kidoleni, ndipo ubandike kiraka. Wengi wanabandika ikiwa mbichi, na jua la mchana linakibandua. Pitisha kitambaa ndani ya tairi kabla ya kurudisha tyubu, maana mwiba wa pili huwa bado umejificha.

Dada_Pampu
Kwa maji, kila mtu abebe lita 5 akitoka kijijini. Kwenye jua la wazi mnakunywa karibu lita moja kwa saa, na mti wa kivuli unaweza usiuone kwa muda mrefu. Saa sita hadi saa tisa pumzikeni. Maji ya mto yana matope: yaache yatuame, yachuje kwa kitambaa, ndipo uweke klorini, kwa sababu tope hula dawa kabla haijaua vijidudu. Soma pakiti, vidonge vingine kimoja ni cha lita 20, si cha chupa. Jasho likizidi, lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi.

Msipige hema ukingoni mwa mto wala kwenye vijia vilivyolimwa na miguu mikubwa kuelekea majini. Ni njia za viboko, wanapanda usiku kula majani. Maji msichote mkiwa mmechutama ukingoni, mamba wapo. Laleni gesti au mpige hodi kwa mtendaji wa kijiji, na vitambulisho mkononi. Mkishawishika kwenda Mloka, upande wa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, acheni nguo za bluu na nyeusi. Mbung'o huvutwa na rangi hizo, na tembo wa huko hawapishi baiskeli.

Kwenye basi: vua gurudumu la mbele, geuza usukani, legeza pedeli, na upande wenye gia uangalie juu. Patana nauli ya baiskeli na konda kabla haijapandishwa, si baada.