Kutanua dirisha la futi 4 liwe futi 8 chini ya lenta: je, lenta inatosha?

Mkazi_Goba
Habari wakuu. Nyumba ni ya chini, tofali za inchi 6, paa la bati. Dirisha la sebuleni lina upana wa futi 4, nataka kuweka la aluminiamu la futi 8, nikitanua futi 2 kila upande. Lenta (mkanda wa zege wenye nondo juu ya madirisha) imezunguka nyumba nzima, kina chake inchi 9. Juu yake kuna kozi (mistari ya tofali) tatu, kisha kenchi, yaani fremu za mbao za paa. Fundi anasema tukate tu tofali kwa kuwa lenta ipo. Upande wa kona patabaki ukuta wa futi 2 na nusu. Tuendelee?

Nondo12
Msianze kukata, mkuu. Uwazi ukiwa maradufu, kwa mzigo uleule nguvu inayoipinda lenta inakuwa mara 4, na kubonyea kwake katikati mara 16. Sehemu iliyolala juu ya ukuta haijawahi kujibeba yenyewe hata siku moja, kwa hiyo kutokuwa na ufa leo si ushahidi wa chochote.

Kwa vipimo vyako, lenta, kozi tatu na plasta ni kama kilo 340 kwa kila mita. Ongeza mbao, bati na dari, inafika kama 550. Nondo mbili za mm 12 upande wa chini, zikiwa mahali pake, zinaubeba mzigo huo na akiba inabaki. Nondo mbili laini (zisizo na mistari ya kushika zege) za mm 10 zitakuwa ukingoni kabisa, hapo nisingekubali.

Kwa hiyo bandua plasta chini ya lenta, katikati na mahali panapotanuliwa, uchimbe taratibu hadi uione nondo. Pima unene wake. Kisha tafuta kiungo: mafundi wengi huunganisha nondo juu ya ukuta, na safari hii ukuta huo ndio unaoondoka. Nondo za mm 12 zipishane angalau mm 600. Zikiwa zimepishana shibiri moja, au zege limemwagwa siku mbili tofauti na mkato wake ukaangukia kwenye uwazi mpya, acha mpango huo. Kutu na zege linalobanduka pia ni sababu ya kuacha, hasa kama lilichanganywa na mchanga wa baharini.

Ukuta wa kona wa futi 2 na nusu unatosha, ila usiupunguze zaidi.

Tindo_na_Grenda
Nondo zikikubali, kazi iende hivi. Weka mirunda (miti ya kuegemeza) miwili ndani ya dirisha la sasa, ubao wa 2x6 juu na chini, kaza kwa kabari hadi iguse tu. Ukikaza kupita kiasi unainyanyua lenta na kupasua kozi za juu.

Chora mstari kwa timazi, ndani na nje. Diski ya grenda ya inchi 9 inaingia kama mm 65 tu, kwa hiyo kata pande zote mbili. Kiini kilichobaki kimalizwe kwa tindo. Nyundo kubwa isiguse ukuta huu, mtikisiko wake unalegeza udongo (mchanganyiko wa saruji na mchanga) wa kozi zilizo juu ya lenta. Toa tofali za juu kwanza ukishuka, upande mmoja kwa wakati, na ongeza mrunda kabla ya kwenda upande wa pili.

Kipande cha tofali kilichobaki ukingoni kikiwa chini ya inchi 6, king'oe ujenge upya. Hapo ndipo lenta inapokalia sasa. Nafasi kati ya tofali na lenta ijazwe saruji 1 kwa mchanga 3, mkavu wa kufinyangika tu, ushindiliwe kwa kipande cha mbao. Ukijaza udongo wa majimaji, ukikauka unanywea na lenta inashuka kuufuata. Mwagilia, mirunda ikae siku 7.

Mkazi_Goba
Asanteni sana. Na kama nondo zikiwa za mm 10 laini? Halafu simtanki la lita 1000 liko darini karibu na ukuta huo.

Nondo12
Hilo tanki ndugu yangu ungelitaja mwanzoni! Likijaa ni tani nzima, na hesabu yangu haikuihusisha. Lihamishie kwenye mnara wake nje, la sivyo mwite mhandisi apige hesabu upya. Vivyo hivyo kwa yeyote mwenye slabu ya ghorofa juu ya lenta.

Kwa nondo dhaifu, weka madirisha mawili na nguzo ya zege ya inchi 6 kwa 9 katikati, nondo 4 za mm 12, isimame juu ya ukuta wa chini ya dirisha. Kila uwazi unarudi chini ya futi 4. Au acha upana ulivyo, shusha kizingiti cha chini kozi mbili: mwanga unaongezeka na lenta haiguswi.

Tindo_na_Grenda
Mwambie fundi wa aluminiamu aache mm 10 juu ya fremu, ajaze silikoni, si saruji. Lenta ikibonyea kidogo tu juu ya fremu iliyobanwa, vioo vya kuteleza vinakwama.