Re: Mafao ya ulemavu: miaka 9 kazini haitoshi?

> Shikamooni wakubwa, na wengine habari zenu. Nipo Marekani, nina miaka 41. Nilifanya kazi makao ya wazee miaka 9 mfululizo, nikaacha mwisho wa 2017 kulea watoto. Sasa mgongo umeharibika. Nimeomba SSDI, bima ya ulemavu ya serikali, wamejibu sijafanya kazi ya kutosha. Ni kwa sababu sina krediti 40, zile alama za kazi zinazotokana na mapato?

Dada, pole sana na mgongo. Hizo 40 zisikutishe. Kwa umri wako zinatakiwa 20 tu, na wewe, kwa krediti 4 kila mwaka, unazo 36. Kilichokukwamisha ni sharti la pili, ambalo watu wengi hulijua wakishakataliwa: krediti 20 ziwe za miaka 10 inayoishia pale ulemavu ulipoanza. SSDI ni bima, inalipiwa na makato ya mshahara. Makato yakisimama, kwa aliyekuwa kazini mfululizo kama wewe, kinga hudumu takriban miaka mitano, basi. Yako, kwa hesabu ulizotupa, iliisha tarehe 31 Desemba 2022.

Sasa nikuulize: kwenye fomu uliandika ulishindwa kufanya kazi lini? Wengi huandika mwezi waliokwenda kuomba, au ule waliopasuliwa, wakati mwili ulishagoma zamani. Kama mgongo ulikulaza kabla ya mwisho wa 2022 na karatasi za hospitali za wakati huo zipo (picha za MRI, daktari kuandika kwamba huwezi kusimama muda mrefu au kuinua mzigo), kata rufaa ndani ya siku 60 tangu upokee barua, na udai tarehe hiyo. Daktari wako wa leo anaweza kueleza hali ya 2022, ila barua yake peke yake, bila kumbukumbu za wakati ule, haina nguvu. Na tarehe iwe ya kweli, maana faili zote watazisoma. Ukishinda, malimbikizo hayarudi nyuma zaidi ya miezi 12 kabla ya siku uliyoomba.

SSI, msaada wa serikali kwa walemavu wenye kipato kidogo, ni kitu kingine. Haidai krediti, inatazama mfuko: mali isizidi dola 2,000, au 3,000 kwa mke na mume. Nyumba mnayoishi na gari moja haviguswi, lakini mshahara wa shemeji, mumeo, utahesabiwa, na hapo ndipo familia nyingi hukwama. Kama bado una grini kadi tu, mara nyingi watadai robo 40 za kazi (ndizo krediti zile zile), na robo za mumeo zinaweza kujumlishwa na zako.

> Na sisi tunaopeleka vyakula kwa magari yetu, tunaolipwa kwa 1099, yaani kama waliojiajiri?

Kaka, kwako inahesabiwa faida baada ya gharama. Mwaka 2025 krediti moja ilikuwa dola 1,810, zote nne dola 7,240. Mtu wa kodi akikutolea gharama za maili na simu hadi faida ikabaki dola 3,000, utafurahia kodi ndogo, kumbe mwaka mzima umepata krediti moja. Sisemi udanganye, maili ni haki yako. Jua tu unachokinunua. Asiyepeleka ritani (fomu ya kodi ya mwaka) kabisa ana hali mbaya zaidi: mapato ya kujiajiri yasiporipotiwa ndani ya miaka 3, miezi 3 na siku 15 baada ya mwaka husika, kwa kawaida hayaingizwi tena kwenye kumbukumbu.

Wote fungueni akaunti ya ssa.gov, tovuti ya idara inayotunza kumbukumbu hizi, mtazame mapato mwaka kwa mwaka. Ukikuta sifuri mwaka uliofanya kazi, tafuta W-2 yake (fomu ya mwajiri inayoonyesha mshahara na makato) mapema, kabla mwajiri hajafunga ofisi.

> Nilichangia NSSF Dar miaka 11 kabla ya kuja. Huwezi kuiunganisha?

Hapana, mzee wangu. Marekani ina mikataba ya kujumlisha miaka ya kazi na nchi kama Ujerumani, Uingereza na Japani. Tanzania haimo, wala Kenya. Michango hiyo idai huko huko NSSF; huku unaanza na sifuri.