Msaada wadau: biskuti zangu za siagi zinatandaa kama chapati, na nataka kuweka ladha ya pasheni

Mwanambagala (mleta mada)
Habari za jioni wadau wa jikoni. Mwenzenu nimekwama, hata usingizi sipati.

Naoka biskuti za siagi, zile Waingereza wanaziita shotibredi. Unga, siagi, sukari, basi. Hakuna yai wala baking pauda. Kipimo ni kile kinachojulikana: sukari fungu moja, siagi mawili, unga matatu, kwa mizani siyo kwa kikombe. Trei ya kwanza zilitandaa zikaungana zikawa shuka. Ya pili nikaongeza unga, zikatoka ngumu kama kigae. Ya tatu nikatia maji ya pasheni ndiyo ikawa balaa, katikati mbichi, pembeni zimeungua.

Naomba mnisaidie mawili. Ladha gani zinakubali kwenye biskuti hizi? Nimefikiria pasheni, iliki na kahawa. Na moto uwe nyuzi ngapi? Oveni yangu ni ya umeme, ile ya kuweka mezani. Msinipite jamani, nina haraka kidogo.

Ngojawaje
Nimevuta kigoda, nasubiri wajuzi waje. Hizo zilizotandaa usitupe dada, tafuta maharage.

Fundi Tanuri
Dada, biskuti hizi hazitaki moto mkali. Nyuzi 150 hadi 160, dakika 20 mpaka 25 kutegemea unene, na zinatoka zikiwa bado nyeupe, pembeni tu zimeanza rangi ya dhahabu. Ukisubiri ziwe kahawia umeshachelewa. Zitakuwa laini zikitoka, usiziguse, zinakaza zenyewe zikipoa.

Kabla ya kuoka, donge likae kwenye friji angalau nusu saa. Ukishakata maumbo, rudisha tena dakika 15. Mafuta yakiingia kwenye oveni yakiwa baridi, unga unawahi kushika kabla hayajayeyuka. Na usikande kama chapati, kusanya tu mpaka lishikane.

Ila nikuulize, unatumia siagi gani?

Mwanambagala
Asante sana kaka Fundi. Siagi ya kawaida tu. Kuhusu pasheni je?

Mzee wa Aberdeen
Umenigusa binti yangu. Mimi niko Scotland mwaka wa 19 sasa na hizi ndizo biskuti za huku. Mwaka Mpya, mtu wa kwanza kuvuka kizingiti chako baada ya saa sita usiku anatakiwa aje na kitu mkononi. Wengine huleta kipande cha makaa ya mawe, wengine pombe, wengine hizo biskuti. Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa peke yangu, theluji imefika magotini, akabisha hodi bibi wa nyumba ya pili. Nikadhani amekuja kulalamika kuhusu harufu ya dagaa wangu. Kumbe kashika sahani ya biskuti. Nilikula nikilia, maana nilikuwa sijabishiwa hodi tangu nimefika.

Yule bibi alikuwa anatoa sehemu ya unga wa ngano anaweka unga wa mchele, ndiyo siri ya ule mchanga mchanga wake mdomoni. Na hakuwahi kutia ladha yoyote. Alikuwa anasema siagi ndiyo ladha yenyewe.

Bibi wa Ng'ambo
Unga wa mchele? Huyo bibi wa Kizungu basi ni ndugu yetu. Vileja vyetu ni unga wa mchele, samli, sukari, yai na iliki, na ukitia mdomoni humumunyuka wenyewe. Nankatai nayo ni unga wa ngano, samli, sukari na iliki. Sisi tumekulia kwenye biskuti hizi kabla hujazisikia kwa Waingereza.

Mwanangu, kwenye ladha kanuni ni moja: kitu kikavu, si cha maji. Iliki itwange mwenyewe, usinunue iliyosagwa kitambo, harufu ishakwenda. Kwa kilo ya unga kijiko kidogo kimoja na nusu kinatosha. Ndimu, paruza ganda la kijani tu, ule weupe una uchungu, kisha lisugue kwenye sukari kwa vidole mpaka sukari iloane na inukie. Ufuta ukaange kavu kwanza. Korosho vilevile, zikaange, ziponde kubwa kubwa. Karafuu ogopa, punje mbili za kutwanga zimetosha, ukizidisha mtu atafikiri yuko kwa daktari wa meno. Kahawa isagwe iwe laini kama poda. Na chumvi kidogo usisahau.

Pasheni ni maji na ukali, hapo unalipa donge kitu lisichokitaka. Ukiipenda sana, ichemshe kwa moto mdogo mpaka iwe nzito kama asali, ichanganye na sukari ya aising, umwagie juu biskuti zikishapoa.

Fundi Tanuri
Bibi amemaliza. Lakini mleta mada hajanijibu. "Siagi ya kawaida" ndiyo ipi? Ukiiweka kwenye friji usiku kucha, asubuhi inakuwa ngumu kama jiwe au kisu kinazama?

Mwanambagala
Kisu kinazama.

Fundi Tanuri
Inakuja kwenye kopo la plastiki?

Mwanambagala
Ndiyo. Ni ile ya kupaka mkate. Lakini kaka hapa mtaani wote tunaiita siagi, na keki naoka nayo haina shida. Na trei ya tatu umeme ulikatika nikahamia kwenye mkaa, sufuria yenye mchanga na makaa juu ya mfuniko, kwa hiyo nadhani shida kubwa ni moto.

Fundi Tanuri
Shida siyo moto. Hiyo ni majarini laini, dada. Siagi halisi mafuta ni kama asilimia 80, na inaganda. Hizo laini za kupaka nyingi zina maji zaidi, na zimetengenezwa ziwe laini hata zikitoka kwenye friji. Keki inavumilia kwa sababu ina mayai ya kuishika. Biskuti yako ina vitu vitatu tu, kimoja kikiwa siyo chenyewe hakuna wa kukificha. Ndiyo maana inatandaa. Ukiongeza unga inakuwa kigae, maana yale maji yanaamsha unga unavutika. Nunua siagi, tatizo limeisha leo.

Mwanambagala
Kununua siagi kwa sasa haiwezekani. Nimeshanunua majarini kilo 7.

Mama Pacha
Kilo saba! Mdogo wangu, hapo siyo mambo ya kujaribu ladha. Una oda. Ya nani, ya lini, na boksi ngapi?

Mwanambagala
Sendofu ya Jumamosi hii. Boksi 120, kila boksi biskuti 12. Wageni wanapewa wakiondoka. Ndiyo maana nataka ladha kali kama pasheni au kahawa, ili mtu asisikie tofauti. Naweza pia kuongeza arki ya siagi, inauzwa.

Mama Pacha
Asisikie tofauti ya nini?

Mwanambagala
Stika zimeshachapwa. Zimeandikwa "Biskuti za siagi tupu". Bibi harusi ndiye aliyetaka iandikwe hivyo, na mimi nilikubali nikijua nitanunua siagi. Sikupanga kumdanganya mtu. Nilikosea hesabu.

Bei ya boksi nilimwambia bibi harusi shilingi 3,500. Biskuti ni gramu 15, kwa hiyo boksi lina gramu 180, na siagi humo ni gramu 60. Siagi dukani kwetu robo kilo ni elfu 8, maana yake boksi moja linakula siagi ya shilingi 1,920. Boksi zote ni kilo 7 na gramu 200, shilingi 230,400. Advansi niliyopewa ni 210,000. Siagi peke yake inazidi advansi. Majarini ilinitoka elfu 63. Mniambie nyinyi mngefanyaje.

Mtumishi wa Tabata
Dada, Mithali 11 mstari wa kwanza, soma kwa utulivu kabla hujalala. Biashara inayoanza kwa lebo ya uongo haifiki mwaka. Mimi nilikuwa na duka la nafaka, kijana wangu akawa anachanganya mchele wa Mbeya na mwingine bila mimi kujua. Wateja hawakusema kitu. Walihama tu, mmoja mmoja. Nilifunga duka sijui kosa liko wapi, akaja kunieleza mwenyewe baada ya miaka miwili.

mpemba_wa_Tandika
Na kwetu ipo sura nzima inayoanza kwa kuwaapiza wanaopunja vipimo. Achana na hiyo arki, dada yangu.

Karani Mstaafu
Niongeze la kiserikali. Tangu 2019 usimamizi wa usalama wa chakula ulitoka TFDA, iliyokuwa mamlaka ya chakula na dawa, ukaenda TBS, shirika la viwango. Lebo ya chakula inatakiwa kusema kilichomo. Hata kama ni sendofu, mazoea ya kuandika kisichokuwemo yatakufuata ukikua. SIDO, shirika la viwanda vidogo, wanafundisha wajasiriamali wa vyakula, nenda ukaanze vizuri.

Mwanambagala
Nawaelewa wote lakini mnanihukumu kama mwizi. Majarini siyo sumu. Watu wangapi hapa Dar wanakula biskuti wanaambiwa siagi? Na ladha ya kahawa niliyoionja leo imetoka nzuri kabisa.

Mpekuzi
Jamani mnakunywa chai kwa vikombe vikubwa hapa. Mimi nimefungua nyuzi za nyuma za ID hii. Mwezi wa tatu ilileta uzi wa kuku wa nyama wanakufa, ikaandika "mimi na mke wangu tumechanganyikiwa". Leo mwenye mke amekuwa dada anaoka biskuti za sendofu. Mwanzo ana oveni ya umeme, baadaye sufuria ya mchanga. Hesabu zimenyooka mpaka shilingi ya mwisho. Hii hadithi imetungwa, na mzee wa watu huko Scotland ametoa machozi bure.

Ngojawaje
Kigoda nakisogeza mbele.

Mama Pacha
Mpekuzi, umeme kukatika Dar nako ni hadithi ya kutunga? Lakini hilo la mke ajibu mwenyewe.

Mwanambagala
ID ni ya mume wangu. Simu yangu ilitumbukia kwenye ndoo ya maji mwezi uliopita, tunatumia moja. Kuku walikuwa wetu sote. Walikuwa 200, walibaki 60. Hesabu zimenyooka kwa sababu nimezipiga kila usiku tangu Ijumaa.

Mnataka yote, basi haya. Advansi 210,000. Maboksi na stika elfu 84. Majarini elfu 63. Elfu 60 nililipa deni la chakula cha kuku, maana mwenye duka alikuja nyumbani akasimama mlangoni mbele ya watoto. Nimebaki na elfu tatu. Ndiyo maana nauliza ladha.

Mfugaji Chanika
Pole sana dada. Hao kuku 140, chanjo ya gumboro mlitoa siku ya ngapi? Na walianza kwa kuhara nyeupe au kwa kuinamisha vichwa?

Mwanambagala
Kuhara. Naomba tusiongee kuku leo.

mpemba_wa_Tandika
Mume wako anajua umelipa deni kwa hela ya oda?

Mtumishi wa Tabata
Simu moja kwa wanandoa ni jambo jema, vijana wa leo wanafichana mno. Mimi na mama yenu tangu simu ziingie...

Mpekuzi
Kama ni kweli naomba radhi. Ila weka picha ya stika.

Mwanambagala
Nimeiweka hapo chini. Mume wangu hajui.

Bibi wa Ng'ambo
Acheni kumpekua, Jumamosi haimsubiri mtu. Mwanangu, nisikilize. Arki ya siagi huigiza harufu, haiigizi ule ulaini mdomoni. Mama wa bibi harusi akitia jino moja atajua, na ndiye mwenye mashoga wote wa ukumbini.

Mpigie bibi harusi kesho asubuhi. Mwambie ulikosea bei, usizunguke. Mpe mambo mawili achague. Boksi libaki la siagi tupu, lakini biskuti nane badala ya 12. Au ziwe 12 kama mlivyokubaliana, majarini ngumu ya kuokea, na stika ifunikwe. Watu wazima huelewa wakiambiwa mapema.

Fundi Tanuri
Akichagua nane, siagi inashuka mpaka kilo 4 na gramu 800, kama 153,600 kwa bei ya duka lako. Omba sehemu ya salio sasa ununue siagi. Hizo kilo saba oka keki ndogo za vikombe uziuze jirani na shule, pesa irudi. Ladha chukua mbili tu, iliki na ganda la ndimu. Kahawa na pasheni ziache kwa siku nyingine.

Mzee wa Aberdeen
Binti, nitumie ujumbe wa siri. Siyo mkopo.

Mwanambagala
Asante baba, asante bibi. Ngoja kwanza niongee na bibi harusi.

Mama Pacha
Saa nne hii asubuhi. Umempigia?

Mwanambagala
Mara tatu. Simu yake haipatikani. Leo ni siku ya kusukwa.

Bibi wa Ng'ambo
Basi mpigie mama yake. Na donge la majaribio liwe kwenye friji wakati mnaongea.