Naomba ushauri: rejeta ya alumini kwa Land Cruiser HJ47 inayochemsha mlima wa Kitonga

Mkulima wa Mafinga

Wakuu, habari za kazi. Ninayo pikapu ya Toyota Land Cruiser HJ47 ya mwaka 1982, yenye injini ya dizeli ya 2H, silinda sita, cc 3,980, ambayo nilirithi kwa baba mdogo na ambayo mpaka leo inafanya kazi ya shamba kila siku. Rejeta yake ya asili, ile ya shaba, imechomelewa risasi mara nyingi kiasi kwamba tangi la chini lina viraka vingi kuliko shaba yenyewe, na mapezi (vile vibati vyembamba kati ya mirija) ya upande wa chini yanamomonyoka ukiyagusa kwa kidole. Kwenye tambarare gari halina tatizo lolote, lakini nikipanda Kitonga na mzigo wa mbolea kutoka Dar es Salaam, sindano ya joto hukaribia mstari mwekundu kabla sijafika juu, nami hulazimika kuegesha pembeni na kusubiri ipoe.

Nimeonyeshwa rejeta mbili za alumini. Ya kwanza ina safu nne za mirija myembamba, na muuzaji anaisifia kwa unene wake. Ya pili ina safu mbili tu za mirija mipana, na bei yake iko juu zaidi. Fundi wangu anapinga zote mbili, kwa hoja kwamba shaba inapitisha joto kuliko alumini na kwamba nibadilishe kiini tu, yaani mirija na mapezi yake, huku matangi ya zamani yakibaki. Nichague ipi, na nipime nini kabla sijatoa fedha?

Fundi Rejeta

Mkuu, kabla ya kununua chochote, hakikisha kwamba rejeta ndiyo mgonjwa. Gari linalochemsha likiwa kasi kwenye barabara tambarare mara nyingi lina rejeta iliyoziba. Linalochemsha likienda polepole mara nyingi halipati hewa ya kutosha, na hapo uangalie feni, mkanda wake na kava linaloizunguka. Kitonga inachanganya mambo, kwa sababu unapanda kwa gia ndogo, injini inazunguka sana chini ya mzigo, na upepo wa mwendo karibu haupo. Fungua kifuniko asubuhi injini ikiwa baridi, uwashe, utazame kama kuna mapovu yanayotoka mfululizo hata baada ya hewa iliyobaki kwenye mfumo kwisha. Yakiwepo, gasketi ya silinda hedi inavujisha gesi ndani ya maji, na rejeta mpya ya aina yoyote haitakusaidia.

Kuhusu fundi wako, hajakosea kabisa. Rejeta ya shaba ikitoboka Ilula au Mikumi, utampata mtu mwenye jiko la mkaa na risasi akaiziba jioni hiyohiyo. Alumini inahitaji fundi wa kuchomelea kwa gesi ya agoni, na hao hawapo kila kituo.

Injinia Mstaafu

Naomba niongeze kuhusu hoja ya shaba, kwa sababu inarudiwa sana bila kuchunguzwa. Ni kweli kwamba shaba nyekundu hupitisha joto kwa kiwango cha wati karibu 400 kwa kila mita kwa kila digrii, ilhali alumini ni karibu 235. Lakini mirija ya rejeta ya zamani haikutengenezwa kwa shaba nyekundu. Ni ya shaba ya manjano, ambayo iko chini hata ya alumini, na mapezi yake yameunganishwa na mirija kwa risasi na bati, mchanganyiko ambao ni dhaifu zaidi katika kupitisha joto. Hoja hiyo inafaa zaidi kwa waya wa umeme kuliko kwa rejeta.

Faida ya alumini iko kwenye umbo. Mirija ya shaba ya manjano huwa na upana wa milimita 12 hadi 16 hivi, kwa kuwa ikipanuliwa zaidi bila kuongezwa unene hutuna kwa shinikizo. Mirija bapa ya alumini inaweza kufikia milimita 25 au 32, na mapezi yakaungana nayo ndani ya tanuri bila risasi yoyote. Kwa hiyo safu mbili za milimita 25 zinagusa mapezi sawasawa na safu nne za milimita 12, tena bila nafasi tupu nyingi kati ya safu na safu. Ukinunua ile ya safu nne za mirija myembamba, utakuwa umelipia alumini ili upate umbo la shaba. Zaidi ya hayo, kiini kinene kinaisumbua feni: hewa inapofika safu ya nyuma imeshapata moto, na kwa mwendo wa Kitonga feni ndiyo peke yake inayoivuta.

Mimi ningechukua ya safu mbili, lakini kwa sharti. Mwombe muuzaji akuonyeshe pale mirija inapoingia kwenye sahani ya tangi. Ukiona gundi ya epoksi, achana nayo. Unataka kiini kilichounganishwa tanurini na matangi ya alumini yaliyochomelewa kwa agoni, mshono ukiwa sawa mwanzo hadi mwisho. Matangi ya plastiki yaliyobanwa juu ya mpira yanafaa kwa magari ya lami, si kwa barabara ya shambani.

Mama Tanzam

Kaka Mkulima, mimi ninaendesha gari la aina hiyohiyo lenye rejeta ya alumini, na ninakubaliana na mzee Injinia kuhusu safu mbili. Kinachoua alumini huku kwetu ni mambo mawili ambayo muuzaji hatakwambia. La kwanza ni mtikisiko. Chesisi ya gari lile hujipinda kwenye mashimo, na rejeta iliyofungwa chuma kwa chuma itapasuka kwenye kona za mabano. Ikalie bushi za mpira, na bolti zisikazwe kupita kiasi hadi mpira ukabanika kabisa.

La pili ni maji. Usiweke maji ya kisima wala ya bomba. Changanya kulanti (dawa ya kupozea injini) yenye glikoli, nusu kwa nusu, na maji yaliyosafishwa ya kuongezea betri. Nasema maji, si asidi, maana kuna duka waliwahi kunipa asidi huku wakisisitiza kwamba ni kitu kilekile. Kabla ya kufunga rejeta mpya, osha mfumo wote, hasa kama gari limewahi kutiwa bizari ya kuziba matundu, kwa sababu uchafu huo utahamia kwenye mirija mipya. Kisha chukua mita ya fundi umeme, weka ncha hasi kwenye hasi ya betri na ncha chanya ndani ya maji ya rejeta bila kugusa chuma, taa na feni ya ndani zikiwa zimewashwa. Ikizidi volti 0.1, tengeneza kwanza waya wa ethi kati ya injini na chesisi, la sivyo umeme utaila alumini kimyakimya.

Injinia Mstaafu

Mama Tanzam amesema vyema. Naongeza kuhusu kifuniko: kibaki cha shinikizo lilelile lililoandikwa kwenye kile cha asili. Iringa mjini, kwenye mwinuko wa mita 1,500 na zaidi, maji yasiyo na shinikizo huchemka kwenye nyuzi joto 95 hivi, kwa hiyo kifuniko chenye springi iliyolegea kinatosha peke yake kukuchemshia gari. Pia, gari lako ni la gia za mkono. Usilipie rejeta yenye kipozeo cha mafuta ya gia za otomatiki ndani ya tangi.

Mkulima wa Mafinga

Nawashukuru sana. Leo asubuhi nimepima: mapovu hakuna, na mita imesoma volti 0.04. Lakini nilipochungulia mbele nimegundua kwamba kava la kuzunguka feni halipo kabisa. Zimebaki tundu zake za bolti tu. Nimeamua kuchukua ya safu mbili. Je, kava naweza kumchongesha fundi bati, na likae vipi?

Fundi Rejeta

Unaweza, mkuu. Bati lifunike kiini chote kwa nyuma, lisiwe pete ya feni peke yake, na pembeni pazibwe kwa ukanda wa mpira ili hewa isipite nje ya rejeta. Mapanga ya feni yaingie nusu ndani ya pete na nusu yabaki nje, na ncha zake ziachiwe nafasi isiyozidi milimita 25 kuzunguka, ukikumbuka kwamba injini hucheza kwenye raba zake. Lifungwe kwenye fremu ya chuma inayoshika rejeta, lisifungwe kwenye alumini yenyewe. Na mpeleke fundi bati rejeta mpya ikiwa mkononi, kwa sababu unene wake hautalingana na wa ile ya zamani, na pete iliyochongwa kwa vipimo vya zamani itagusa mapanga.